Mabilioni ya tamasha: yanahesabiwaje, na yanabaki wapi

Wiki ya Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, ikikaribia, ukikaa Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, na kikombe mkononi utasikia kauli mbili zikigombana. Ya kwanza inasema tamasha linauingizia mji mabilioni. Ya pili inajibu: mabilioni gani, mbona hayafiki mtaani kwetu? Kila upande unaapa kwamba unasema kweli, na ubishi huisha pale kahawa inapokwisha, mpaka Februari nyingine.

Nimeusikiliza ubishi huu kwa muda mrefu, na naamini pande zote mbili zina haki. Mmoja anahesabu fedha zilizopita mjini, mwingine anahesabu zilizobaki. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na ndilo linalopaswa kuamua kama tamasha lichangiwe na serikali, litozwe zaidi, au liachwe lijitegemee. Kwa hiyo tuifungue hesabu yenyewe, taratibu.

Tuanze na harusi

Fikiria harusi ya mtaani. Majirani wamechanga, mpishi anatoka nyumba ya tatu, maturubai na viti vimekodiwa kwa jamaa wa uchochoro wa pili, na mchoraji wa hina ni binti wa hapohapo. Kwa siku tatu fedha zinakimbia kutoka mkono hadi mkono. Ukisimama na daftari ukaandika kila malipo, utapata jumla ya kutisha. Lakini mtaa kwa ujumla wake haujaongeza hata shilingi. Kilichotoka mfuko wa kushoto kimeingia mfuko wa kulia.

Sasa bwana harusi awe na wajomba waliokuja kutoka Muscat. Wamekaa siku nne, wamelala gesti, wamenunua samaki, wamewatunza waimbaji wa taarabu, wameshona kanzu mpya kwa fundi wa mtaa. Fedha hizo hazikuwepo mtaani wiki iliyopita. Hizo ndizo fedha mpya, na hesabu yote ya faida ya tamasha kwa mji mwenyeji huanzia hapo.

Kwa maneno mepesi basi: athari ya kiuchumi ya tamasha ni tofauti kati ya mji wenye tamasha na mji uleule, wiki ileile, bila tamasha. Ugumu wote uko kwenye huo mji wa pili. Hakuna aliyeuona. Lazima ukadiriwe, na kila mwenye hamu ya tarakimu kubwa anapenda kuukadiria kuwa mtupu kabisa, kana kwamba bila tamasha Mji Mkongwe ungefunga milango ukalala.

Nani ahesabiwe

Sauti za Busara lilianza Februari 2004, likiandaliwa na Busara Promotions, asasi isiyo ya kiserikali. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake jukwaa kuu limesimama ndani ya Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, hatua chache kutoka Forodhani, bustani ya ufukweni penye wauza vyakula vya usiku. Muziki wake hupigwa mubashara, kwa vyombo, wala si wa kuchezeshwa kwenye kanda. Hufunguliwa kwa maandamano ya ngoma na beni barabarani, ambayo mtu yeyote anayatazama bure. Kwa siku chache vichochoro hujaa watu kiasi cha kukufanya ujibanze ukutani kumpisha mwenye mkokoteni.

Watu hawa wote wameleta fedha? Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, nalo huanzia mlangoni. Mtu aliyeingia usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili amehesabiwa mara tatu, ingawa kichwa ni kimoja, kitanda ni kimoja na nauli ya boti ameilipa mara moja. Waandishi wa habari wakisikia “wahudhuriaji 12,000” huandika watu 12,000. Huenda ni watu 5,000.

Hata hao wakishajulikana, kuna makundi ya kuyatenga. John Crompton, profesa wa Chuo Kikuu cha Texas A&M aliyetumia miaka mingi kuchambua ripoti za aina hii, aliyaeleza vizuri katika miaka ya 1990. La kwanza ni wenyeji. Kijana wa Kikwajuni aliyenunua tiketi na soda Ngome Kongwe angetumia fedha hiyo mahali pengine hapahapa Unguja, kama si kwenye mpira basi kwenye chakula au vocha ya simu. Fedha yake ni ya harusi ya majirani.

Kundi la pili ni wale ambao wangekuja hata hivyo, ila wamechagua wiki hii badala ya ile. Mtalii wa Ujerumani aliyekuwa na nia ya kuja Unguja Machi, akasikia habari za tamasha, akavuta safari yake hadi Februari, hajaongeza kitu katika hesabu ya mwaka. Ameuongezea Februari na kuupunguzia Machi. Kundi la tatu ni la waliokwisha kuwa hapa kwa sababu nyingine: wamelala Nungwi kwa ajili ya bahari, wakasikia kuna muziki mjini, wakapanda teksi usiku mmoja. Hao walifuata bahari, na muziki wameukuta tu. Kilicho cha tamasha kwao ni tiketi, teksi na mishkaki ya usiku ule, basi.

Wanaobaki ni wale waliopanda ndege au boti kwa sababu ya tamasha, na wale walioongeza siku kwa ajili yake. Hilo ni kundi dogo kuliko umati unaouona Forodhani, lakini ndilo linalobeba ukweli wa hesabu.

Upo mtego mwingine hapa, nao ni mpaka. Mgeni aliyevuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ameleta fedha mpya Zanzibar. Kwa Tanzania nzima, hajaleta kitu, amehamisha tu. Waziri akizungumza kwa niaba ya visiwa anaweza kumhesabu, akizungumza kwa niaba ya Muungano hawezi. Ripoti nyingi hukaa kimya juu ya mpaka wake, na wasomaji wawili hutoka na maana mbili.

Februari 2016

Kuna watu husema: mbona jibu ni rahisi, tutazame mwaka ambao tamasha halikuwepo. Mwaka huo upo. Sauti za Busara la 2016 lilifutwa kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Kwa mchumi, mwaka wa namna hiyo ni kama zawadi, maana ule mji usioonekana, mji bila tamasha, umejitokeza wenyewe.

Lakini kumbuka Februari 2016 Zanzibar ilikuwa katika hali gani. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa umefutwa, na wa marudio ulipangwa kufanyika Machi 20, 2016. Watu walikuwa na wasiwasi, na baadhi ya balozi za nje zilikuwa zikiwaonya raia wao. Gesti ya Shangani iliyokuwa nusu tupu wiki ile ilikosa wageni kwa sababu ya muziki au kwa sababu ya siasa? Ukimuuliza mwenye gesti atakupa jibu kwa uhakika, na jirani yake atakupa jibu jingine kwa uhakika uleule.

Upande wa pili nao una mtego wake. Mpinga tamasha anaweza kusema: mwaka huohuo wa 2016, bila tamasha, wageni waliofika Zanzibar waliongezeka, kutoka chini ya 300,000 mwaka 2015 hadi zaidi ya 370,000. Kwa hiyo tamasha halina maana! Hapana. Hesabu ya mwaka mzima inabeba ndege mpya, hoteli mpya na masoko mapya ya watalii, na tukio la siku nne haliwezi kuonekana ndani yake. Ni sawa na kumimina kikombe cha maji baharini halafu ukatazame kama bahari imejaa. Mwaka 2019 wageni walikuwa zaidi ya 538,000, na mwaka 2024 walipita 730,000. Tamasha halikuwaleta wote hao, wala halikuwazuia.

Ninachojifunza mimi katika Februari ile ni tahadhari. Anayetamka kwamba tamasha limeongeza wageni kwa asilimia fulani, aulizwe: umetenganishaje tamasha na mengine yote? Kama hana jibu, asilimia yake ni ya baraza la kahawa.

Ndoo inayovuja

Tuseme sasa tumewapata wale wageni wa kweli wa tamasha, na tumejua wametumia kiasi gani. Bado hatujafika mtaani. Fedha ya mgeni ni kama maji yaliyochotwa kisimani kwa ndoo yenye matundu: unachota imejaa, unafika nyumbani na nusu.

Fuata shilingi yenyewe. Nauli ya ndege imelipwa Ulaya na imebaki huko. Chumba kimelipiwa kwa mtandao, na kampuni ya mtandao imekata kamisheni yake kabla mwenye hoteli hajaiona. Hoteli yenyewe ikiwa ya mwekezaji wa nje, faida hupanda ndege mwisho wa mwaka. Kinachobaki ni mishahara, umeme, maji, kodi, na yale manunuzi yaliyofanyika hapa.

Halafu kuna chakula, na hapa Forodhani inafundisha kuliko kitabu chochote. Watu wawili wamesimama na meza zao bega kwa bega usiku wa tamasha. Mmoja anauza pweza. Pweza kavuliwa Kizimkazi, mara nyingi na mama aliyetembea juu ya mwamba maji yalipokupwa, kanunuliwa mnadani, kaletwa kwa gari la abiria, kachomwa kwa mkaa, kapakwa ndimu na pilipili za shamba. Mwingine anauza chapati ile ya mayai na nyama ambayo wageni huiita pizza ya Zanzibar. Unga wake ni wa ngano iliyokuja kwa meli, mafuta ya kupikia yamekuja kwa meli, jibini limetoka nje, mayai mara nyingi yamevushwa kutoka bara. Wote wawili wameuza kwa bei ileile, tuseme. Ila shilingi ya pweza imefika Kizimkazi na kulala huko, na shilingi ya chapati imebaki na mpishi na kijana wake wa kuosha vyombo, nyingine zote zikaondoka.

Simlaumu muuza chapati hata kidogo. Anafanya kazi ngumu mbele ya moto kwenye joto la kaskazi. Nasema tu kwamba mauzo yanayofanana hayaachi kitu kinachofanana, na ripoti inayotaja mauzo peke yake inaficha jambo muhimu kuliko yote.

Miji mingine imelifikiria hili kwa makini. Munich, Ujerumani, ina tamasha la Oktoberfest lililoanza 1810, ambalo mwaka 2023 lilirekodi mahudhurio zaidi ya milioni 7. Hayo pia ni mahudhurio, si vichwa, na wengi wa waliokuja ni watu wa jimbo lilelile la Bavaria. Lakini tazama kanuni moja yao: bia inayouzwa uwanjani lazima itengenezwe na viwanda vya Munich yenyewe, navyo ni sita tu. Anayekunywa pale, awe ametoka Italia au Australia, analipa kiwanda cha mjini na mfanyakazi wa mjini. Tundu kubwa la ndoo limezibwa kwa sheria moja. Hata hivyo viwanda viwili kati ya sita, Spaten na Löwenbräu, ni mali ya kampuni ya AB InBev yenye makao yake Ubelgiji. Mshahara unabaki Munich, faida inavuka mpaka. Hakuna ndoo isiyovuja kabisa.

Sisi hatuna haja ya kuiga bia. Tuna pweza, muhogo, embe, madafu, karafuu, sabuni ya mwani inayotengenezwa na akina mama wa Paje, mikoba ya ukili, kofia za mkono. Mwandaaji au manispaa ikitoa meza za kuuzia kwa kipaumbele kwa wanaouza vitu vya hapa, imefanya kazi kubwa ya kiuchumi kuliko kuongeza tiketi 500.

Fedha kuzaa fedha

Neno linalopotosha zaidi katika ripoti hizi ni lile la kuzidisha. Utasikia: kila dola ya mgeni huzaa dola tatu mjini. Wazo lenyewe si la uongo. Mchumi Mwingereza Richard Kahn aliliandika mwaka 1931, na mchumi mwenzake Keynes akalifanya maarufu. Muuza pweza akipata 100, anampa fundi cherehani 25 kwa sare ya mtoto. Fundi anatumia sehemu ya zile 25 kununua samaki kwa jirani, tuseme 6 na kitu, na jirani naye anatumia sehemu. Ukijumlisha 100 na 25 na 6 na visenti vinavyofuata, unapata kama 133.

Lakini angalia kinachoendesha mnyororo huo: ni kile kiasi kinachotumika tena hapahapa. Mnyororo hukatika pale fedha inapovuka bahari, na kisiwa kinachoagiza mchele, ngano, mafuta, saruji na nguo hukatika mapema. Ili dola moja izae tatu, watu wetu wangepaswa kutumia theluthi mbili za kila wanachopata kwa bidhaa na kazi za Unguja tupu. Chungulia kikapu chochote kinachotoka soko la Darajani, utajua kama inawezekana. Mji mkubwa wenye viwanda na mashamba yake huzidisha sana. Kisiwa huzidisha kidogo, na si aibu kusema hivyo.

Hesabu kwenye karatasi

Nitatoa mfano wa kufikirika, tarakimu zangu mwenyewe, ili tuone jinsi mambo yanavyosinyaa. Tamasha limeuza viingilio 12,000. Mgeni mmoja anatumia Sh 400,000 kwa siku zake zote. Gazeti linazidisha: Sh bilioni 4.8! Kichwa cha habari kimepatikana.

Tuhesabu tena. Viingilio 12,000 ni watu 5,000. Kati yao 3,000 ni wenyeji, tunawatoa. Wamebaki wageni 2,000, na 1,200 kati yao wangekuwa hapa hata bila tamasha. Kwa hiyo walioletwa na tamasha ni 800, na matumizi yao ni Sh milioni 320. Tuwe waadilifu: katika wale 1,200, watu 300 waliongeza siku mbili kila mmoja, kwa Sh 100,000 kwa siku. Hiyo ni milioni 60 nyingine. Jumla milioni 380. Ndoo ikivuja nusu, imebaki 190. Tukiizidisha kwa ile 1.33 ya muuza pweza, tunapata karibu milioni 250.

Kutoka bilioni 4.8 hadi milioni 250, tumeshuka karibu mara 19, bila kumdanganya mtu na bila kulichukia tamasha. Na bado milioni 250 ni fedha halali, za kweli, ambazo kisiwa kimezipata kwa sababu ya siku nne. Mzee wa Jaws Corner aliyesema mabilioni alikuwa na hesabu yake, na yule aliyesema hatuyaoni alikuwa karibu zaidi na karatasi hii.

Mtu anaweza kubadilisha tarakimu zangu apendavyo, lakini maswali hayabadiliki: vichwa vingapi, wangapi wamekuja kwa ajili ya hili, ndoo inavuja kiasi gani.

Aliyechimba kisima

Sasa nafika mahali panaponiuma. Watu wengi huamini kwamba kama tamasha linauletea mji fedha, basi waandaaji wake ni matajiri, na kama waandaaji wanalia njaa, basi tamasha halina faida. Yote mawili ni makosa, na 2016 ni ushahidi. Tamasha lililokuwa likijaza Ngome Kongwe lilikosa fedha za kuendelea.

Sababu yake ni hii. Jirani mmoja amechimba kisima kwa fedha zake katikati ya mtaa. Wanaochota ni mtaa mzima, na mwenye kisima anapata ndoo yake moja kama wengine. Mwenye hoteli anapata wageni, mwenye teksi anapata safari, mpishi wa Forodhani anapata foleni, serikali inapata kodi. Mwandaaji anapata tiketi tu, na kwa tiketi hizo anapaswa kulipa jukwaa, mitambo ya sauti, taa, ulinzi, nauli na malazi ya wanamuziki kutoka nusu ya Afrika. Tiketi hazijawahi kutosha. Ndiyo maana kwa miaka mingi wafadhili wa nje, Ubalozi wa Norway ukiwa mkubwa miongoni mwao, waliziba pengo. Fedha za mfadhili wa nje nazo, kwa hesabu yetu, ni fedha mpya: zimeingia kisiwani kwa sababu ya tamasha na nyingine zimelipwa mafundi wa hapa. Lakini mfadhili akiondoka, kisima kinakauka, na waliokuwa wakichota hushangaa.

Wengine hulalamika kwamba Mtanzania analipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwamba hiyo ni hasara. Sioni hivyo. Nafasi iliyobaki wazi uwanjani haimlipi mtu yeyote. Zaidi ya hapo, mgeni hakuvuka bahari kuja kucheza na wageni wenzake. Ukiwaondoa vijana wa Ng'ambo wanaojua kila wimbo, umemwuzia kitu kingine.

Kama mji unafaidika, mji una sababu ya kuchangia kisima. Njia zipo. Tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar hulipa bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Silijadili hapa kama kiwango hicho ni kizuri. Ninachosema ni kwamba tayari tunajua kutoza mlangoni. Sehemu ndogo ya tozo za malazi za wiki ya tamasha, ikitengwa kwa ajili ya tamasha lenyewe, ingekuwa haki kuliko kumwachia balozi wa nchi nyingine aamue kama Zanzibar itakuwa na muziki Februari.

Ajira, na kile mji unacholipa

Kuhusu ajira nitakuwa mfupi. Ukisikia tamasha limeajiri watu 200, uliza kwa siku ngapi. Watu 200 kwa siku 5 ni siku 1,000 za kazi, sawa na ajira ya mwaka mzima ya watu wanne. Kibarua cha siku tano ni neema kwa anayekipata, na ninajua nyumba zilizolipia ada ya shule kwa vibarua vya namna hiyo. Lakini tusikiite ajira ya kudumu.

Kitu kinachodumu ni ufundi, na hiki hakiingii kwenye hesabu kirahisi. Kijana aliyejifunza kufunga mitambo ya sauti ndani ya Ngome Kongwe anaifanya kazi hiyo mwaka mzima, harusini, mikutanoni, hotelini. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilichoanzishwa 2002 hapohapo Mji Mkongwe, kinatoa wapiga kanuni na fidla wanaohitaji mahali pa kusikika. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, mpaka alipofariki Aprili 2013, alikuwa sauti ambayo wageni waliifuata mpaka hapa. Hakuna mchumi atakayekuambia alikuwa na thamani ya shilingi ngapi kwa Mji Mkongwe, na mimi simtaki ajaribu.

Gharama nazo zipo, na mara nyingi hazitajwi kabisa. Taka za siku nne huzolewa na manispaa. Polisi wa zamu wanalipwa na umma. Samaki hupanda bei sokoni, na anayeumia ni mama wa Michenzani ambaye hakwenda tamashani. Mji wenyewe ni mzee: UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo linalopakana na Ngome Kongwe, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, watu wakafa. Tamasha halikuliangusha jengo lile. Lakini kuta hizi ndizo mtaji unaowaleta wageni, na hesabu yoyote ya faida isiyotenga fungu la kuzitunza ni sawa na ya mvuvi anayegawa samaki wote na kusahau kununua nyuzi za kushonea nyavu.

Hapa ndipo tarehe inapoingia. Februari ni kaskazi, jua kali, Ulaya kuna theluji, na vitanda vingi vya Unguja vimeshakaliwa. Mgeni wa tamasha anaweza kukuta mgeni mwingine kakitangulia kitanda, au akamsukuma nje kwa kulipa zaidi. Faida ya tamasha lilelile katika mwezi wenye vitanda vitupu ingekuwa kubwa zaidi. Masika hakuwezekani, jukwaa liko wazi na mvua ya Aprili haina huruma. Lakini Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza katika wiki ya pili ya Februari. Zanzibar muziki na mfungo havikai pamoja, kwa hiyo kalenda ya Februari lazima iguswe.

Tamasha litakaposogea, tutapata kile ambacho 2016 haikutupa: mwezi mpya wenye tamasha wa kulinganisha na mwezi huohuo wa miaka iliyotangulia. Kazi inayotakiwa ni ndogo. Wanafunzi wachache wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wasimame mlangoni Ngome Kongwe na kalamu, wamuulize kila mgeni wa kumi maswali mawili: ungekuwa Zanzibar wiki hii kama tamasha lisingekuwepo, na umeongeza siku ngapi kwa ajili yake? Wengine wapite Forodhani usiku ule, meza kwa meza, wamuulize muuzaji vitu vyake vimetoka wapi.